KHUTBA YA IJUMAA: KICHEKO KANDO YA KITANDA CHA MZAZI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata njia yao. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia nyinyi, kumcha Allah katika siri na katika dhahiri.

Juzi, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alibaki nyuma msikitini mpaka watu wote wakaondoka. Nikajua ana neno. Baba yake ni mgonjwa, yuko nyumbani, na madaktari wamekwisha sema hawana la kuongeza. Akanieleza kuwa jioni moja walikuwa wamekaa wote kuzunguka kitanda, watoto na wajukuu, mmoja akakumbusha habari ya mbuzi. Zamani baba alinunua mbuzi sokoni, mbuzi akakata kamba njiani akarudi kwa mwenyewe, na baba alipokwenda sokoni siku ya pili akauziwa mbuzi yule yule kwa bei kubwa zaidi. Wakacheka. Baba naye akacheka, mtu ambaye kwa siku tatu hakuwa amesema neno. Ndipo akaingia shangazi yao, akasimama mlangoni, akawaambia: mnachekea kifo cha baba yenu, malaika wa rehema wamekwisha toka nyumba hii. Tangu saa ile nyumba iko kimya. Wanaingia kwa mgonjwa mmoja mmoja, wanasema kwa sauti ndogo, na baba amegeuza uso wake ukutani.

Kijana akaniuliza: "Shehe, tumefanya dhambi? Kuna kafara?"

Nikamjibu kwa ufupi kwamba hakuna kafara, arudi nyumbani akamkumbushe baba yake ile habari ya mbuzi. Lakini jibu hilo lilikuwa fupi mno, na nililala vibaya usiku ule. Maana mimi ninayemjibu, siku moja nilikuwa katika nafasi ya huyo shangazi. Nilisimama nikawanyamazisha ndugu zangu mbele ya mama yetu. Jambo hili sijalisema juu ya mimbari hii hata mara moja, na leo nitalisema.

Ndugu zangu, mnakumbuka, wale wenye umri, tetemeko la Jumapili tarehe 3 Februari 2008. Lilikuja asubuhi, kama saa tatu na nusu. Hapa Bukavu kuta zilianguka, watu walikufa na wengine waliumia, na ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, waliokufa walikuwa wengi zaidi, wengine wakiwa ndani ya ibada yao. Ardhi iliendelea kutikisika siku nyingi baadaye, na watu wengi walilala nje.

Mama yetu alikuwa mgonjwa tangu mwisho wa mwaka 2007. Alikuwa na uvimbe tumboni. Alizaliwa Kasongo, huko Maniema, wakati wa Wabelgiji, akaolewa, akaja hapa na baba yetu, akauza sambaza miaka mingi sokoni Kadutu, akatusomesha Kurani kwa pesa za samaki. Nyumba yetu ilikuwa chini ya mteremko, gari haifiki. Mwezi wa Januari tulipotaka kumpeleka hospitali ilibidi abebwe kwa kipoyi mpaka barabarani. Vijana wanne wa jirani walijitolea, wawili Waislamu na wawili Wakristo, Allah awalipe. Walipomnyanyua, mama akaanza kucheka peke yake. Tukafikiri homa imempanda kichwani. Akasema: "Huko Kasongo nilipokuwa mtoto tuliwaona Wazungu juu ya kipoyi na baba zetu chini. Sikujua kwamba zamu yangu itafika." Kisha akawaambia wale vijana: "Pole pole, msimwangushe Bula Matari." Wale vijana walicheka mpaka wakalazimika kumtua chini, na njia nzima kila walipotaka kupumzika walimwomba ruhusa Bula Matari.

Huyo ndiye alikuwa mama yetu. Mimi wakati ule nilikuwa imamu kijana, sijafika miaka arobaini, na kicheko kile kilinikera. Niliona mtu anayekwenda kwa Mola wake inafaa awe na uzito.

Hospitalini wakamwangalia, wakatuita pembeni, wakatuambia tumrudishe nyumbani, tumpe dawa za maumivu na tukae naye. Basi tukakusanyika. Yaya wetu wa kwanza akahamia pale pamoja na binti yake. Mke wangu na watoto walikuwa wanashinda pale. Na mdogo wangu, dereva wa lori wa barabara ya Uvira, akaja naye. Sasa mdogo wangu na mimi tulikuwa hatusemezani kwa miaka minne. Baba yetu alipofariki aliacha parseli, na kuhusu parseli ile yalisemwa maneno ambayo ndugu hapaswi kumwambia ndugu. Nami niwe mkweli: katika maneno yale, mabaya zaidi yalikuwa yangu. Tena nilimdharau moyoni, kwa sababu swala ya Ijumaa alikuwa akiiswali kama safari inamruhusu, na mara nyingi ilikuwa haimruhusu.

Asubuhi ya tetemeko nilikuwa kwenye ukumbi, nina birika mkononi, natawadha ili niswali Dhuha. Nyumba ikatikisika, vyombo vikaanguka, udongo ukamwagika kutoka juu. Nikakimbia. Nilikuwa karibu na mlango kuliko wote, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kutoka. Wengine wakanifuata. Nje watu wanapiga takbira, wengine wanamwita Yesu, watoto wanalia. Nikahesabu wanangu, wote wapo. Nikasema Alhamdulillah. Ndipo yaya akapiga kelele: "Mama!"

Enyi waja wa Allah, imamu wa watu, mwenye kusoma aya ya wazazi wawili juu ya mimbari, alitoka nje na birika, akamwacha mama yake ndani.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha rudi. Hatukumwona alivyoingia, tulimwona anatoka, amejaa vumbi, amemkumbatia mama ndani ya blanketi kama mtu abebaye gunia la unga. Yule asiyeiona Ijumaa ndiye aliyerudi. Akamlaza juu ya majani. Mama akatutazama wote mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi na mkono wangu, akauliza: "Na birika limepona?"

Saa ile hakuna aliyecheka. Ukuta wa jirani ulikuwa umelala chini, na tulikwenda kusaidia.

Usiku tulilala uani. Tulikuwa na turubai moja tu, tukaifunga kwenye mti na kwenye nguzo ya jiko, mama tukamweka katikati juu ya godoro. Kwa kuwa turubai ilikuwa ndogo, mdogo wangu alilala upande mmoja wa mama na mimi upande wa pili, kila mtu amempa mwenzake mgongo. Mvua ikaja, mnaijua mvua ya hapa ya mwezi wa pili. Maji yakajaa juu ya turubai, ikalegea, ikatumwagikia sisi wawili, mama akabaki mkavu. Kila mmoja wetu akavuta upande wake. Mama akasema gizani: "Baba yenu aliacha parseli nzima. Na leo mnagombania turubai."

Yaya alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha watoto. Mama alipoona amepata wasikilizaji akaendelea, akaigiza kwa mkono wake mwembamba jinsi imamu alivyokimbia na birika, hakumwaga hata tone, wudhu wake haukuharibika. Majirani waliolala upande wa pili wa ukuta ulioanguka wakasikia, nao wakacheka. Na mdogo wangu akacheka kuliko wote.

Hapo ndipo nilipokosea. Nikakaa kitako, nikasema kwa sauti ya mimbari: hii ni ishara katika ishara za Allah, watu wamekufa leo, soma istighfari, kicheko kinafisha moyo. Maneno yenyewe si ya uongo. Lakini niliyoyatoa hayakutoka katika hofu ya Allah, yalitoka katika aibu yangu. Sikutaka majirani wajue habari ya birika. Wakanyamaza wote. Watoto ambao walikuwa wamesahau hofu wakaanza kutetemeka tena. Tukabaki tunasikiliza mvua.

Baada ya kitambo mama akauliza: "Nani amekufa?"

Yaya akamjibu: "Hapa kwetu hakuna, mama." Waliokufa mjini mama alikuwa na habari zao, na mchana alikuwa amewaombea kabla yetu.

"Basi mnamnyamazia nani? Mimi bado niko." Akanigeukia: "Imamu, khutba ni Ijumaa. Leo ni Jumapili, na hapa ni kwa mama yako."

Mdogo wangu akacheka hata akashika bega langu ili asianguke, kwa kuwa alikuwa amekwisha kaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne mkono wake kunigusa. Nami nikacheka. Nusu ya kicheko changu ilikuwa aibu, lakini nilicheka.

Sasa, ndugu Waislamu, baada ya siku zile nilirudi kwenye vitabu ili nijue kama mama alikuwa na dalili au alikuwa mama tu. Nikakuta dalili ziko wazi, na mimi nilikuwa nimezisoma chuoni bila kuziona.

Dalili ya kwanza ni ya Bibi Fatuma (r.a.). Katika ugonjwa wake wa mwisho, Mtume (s.a.w.) alimwita binti yake akamnong'oneza, Fatuma akalia. Akamnong'oneza tena, Fatuma akacheka. Bibi Aisha (r.a.), ambaye alikuwapo, alimwuliza, na Fatuma akamweleza baada ya Mtume kufariki: kwanza aliniambia atakufa katika ugonjwa huu, nikalia, kisha akaniambia mimi nitakuwa wa kwanza katika watu wa nyumba yake kumfuata, nikacheka. Hadithi hii iko kwa Bukhari na kwa Muslim. Angalieni jambo hili vizuri. Binti anacheka kando ya baba anayekufa, na baba huyo ni mbora wa viumbe, na aliyemchekesha ni baba mwenyewe. Hakumwacha binti yake abaki na kilio peke yake. Nani basi atasema kwamba malaika wa rehema walitoka nyumba ile?

Ya pili pia ni ya siku zile zile. Bibi Aisha alishikwa na kichwa, akalalamika: ole wangu, kichwa changu! Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba kama lingemfika la kumfika yeye angali hai, angemwombea maghufira. Aisha akamjibu kwa wivu wa mke: naona unapenda nife, na nikifa, jioni hiyo hiyo utakuwa kwa mke wako mwingine. Mtume akasema: bali mimi ndiye wa kusema ole wangu, kichwa changu. Na huo ulikuwa mwanzo wa maradhi yake. Mume na mke wanataniana, na mauti yamekwisha karibia mlangoni.

Kuna na habari ya dawa. Walimtia dawa mdomoni naye mgonjwa, aliwaashiria wasimtie, wakasema ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa. Alipozinduka akaamuru kila aliyekuwamo ndani ya nyumba atiwe dawa ile ile naye akitazama, isipokuwa ami yake Abbas, kwa kuwa hakushiriki nao. Wanazuoni wamesema mengi kuhusu hikima yake, na mimi sisemi ulikuwa mzaha. Nasema hivi tu: wewe mwenye kumlazimisha mzazi wako kunywa, umsikilize anapoashiria, usije siku moja ukapangwa mstari pamoja na wale.

Wala Mtume hakuwa na ucheshi wakati wa ugonjwa pekee. Alimwambia mzee mmoja mwanamke kwamba vikongwe hawaingii Peponi, na yule mama alipoondoka akilia akatuma aambiwe kwamba ataingia akiwa kijana, kwa dalili ya Surat Al-Waqi'a. Alimwambia mtu aliyeomba mnyama wa kupanda kwamba atampandisha juu ya mtoto wa ngamia, na mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atambeba vipi? Mtume akamwuliza kama kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Na katika Surat An-Najm, aya ya 43, Mwenyezi Mungu anajitaja kuwa Yeye ndiye achekeshaye na alizaye. Vyote viwili vimetoka Kwake. Kwa nini sisi tunapokea kimoja tu katika nyumba ya mgonjwa?

Tena someni Surat Al-Baqara, aya ya 133. Nabii Yaakub (a.s.) amefikiwa na mauti, na wanawe wako mbele yake, anawauliza watamwabudu nani baada yake. Wanawe ni akina nani? Ni wale wale waliomtupa ndugu yao kisimani na kumletea baba kanzu yenye damu ya uongo. Nami sijui baba gani amewahi kuwa na sababu kubwa kuliko yake ya kuwafukuza watoto. Lakini wamezunguka kitanda. Mimi ninaposoma aya hii ninaona turubai.

Ninajua mtu atasema: imamu ametufungulia mlango, sasa tutafanya kitanda cha mgonjwa kuwa uwanja wa michezo. Hapana. Kuna tofauti ya kucheka pamoja na mzazi na kumcheka mzazi. Mzazi wako amejikojolea, hilo si la kusimulia. Amechanganya majina, amekuita jina la ndugu yako aliyekufa, usimgeuze kichekesho mbele ya wageni. Mwenyezi Mungu amekataza katika Surat Al-Isra hata ile "uff" ya kuchoka, basi vipi kumfanyia dharau. Na siku hizi kuna ubaya mwingine, watu wanamchukua mgonjwa video kwa simu, amefunua mdomo, hana kilemba, hana mtandio, wanaituma kwenye WhatsApp ya ukoo. Huyo mama miaka yote amejisitiri, na leo anaonekana Kinshasa na Bujumbura kwa mkono wa mtoto wake. Futa.

Usimchekeshe kwa uongo, kwa kuwa Mtume amemtahadharisha sana anayesema uongo ili watu wacheke. Na mgonjwa mwenye maumivu makali, usimlazimishe kicheko. Mama yetu alikuwa na siku ambazo hakutaka neno. Siku hizo tulimkanda miguu, tukasoma Yasini kwa sauti ya chini, tukamtafutia dawa. Yeye ndiye alikuwa anafungua mlango wa mzaha. Sisi kazi yetu ilikuwa kutoufunga.

Na kuna faida niliyoiona kwa macho yangu ambayo sikuitegemea. Mzazi anayeogopa sura zenu hawezi kukuambieni mambo yake. Kabla ya ule usiku, kila nilipomwuliza mama kuhusu wasia na madeni, nilimwuliza kama hakimu, naye akajibu hana. Baada ya ule usiku, siku moja yaya anamnywesha uji huku akimtania kwamba yeye Bula Matari hakulipa kodi, mama akasema: kodi sijui, lakini ninadaiwa. Akataja madeni matatu. Moja la beseni ya sambaza kwa mwenzake wa sokoni, deni la tangu mwaka mmoja. La pili la mwanamke aliyemkopesha kitenge. Na la tatu la mtu aliyekwisha kufa, tukawatafuta warithi wake. Mnajua uzito wa deni kwa maiti. Mama yetu angekwenda nayo yote matatu, nami ninasoma vitabu mlangoni. Alitoa wasia pia, mdogo, chini ya thuluthi kama sharia inavyotaka: kuku wake wote apewe mjukuu wake wa miaka minane, ambaye yeye alikuwa anamwita mume wangu.

Mjukuu huyo, kama desturi yetu, alikuwa mtani wake. Kila asubuhi alikuja kumdai mahari imerudishwa au la, kwa kuwa mke ni mgonjwa na hapiki. Na mama alimjibu kwamba mahari ilikuwa muwa mmoja, na alikwisha utafuna. Mtoto yule ndiye peke yake aliyeingia chumbani bila kutengeneza uso kwanza.

Aqulu qauli hadha, wa astaghfirullaha li walakum.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote ni za Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, mama yetu aliishi wiki tatu baada ya tetemeko. Tulirudi ndani ya nyumba, tukaziba nyufa kwa udongo. Mdogo wangu hakurudi Uvira. Tulikuwa tunampindua mama sisi wawili, kwa maana mtu mmoja alikuwa anamuumiza. Anayewahi kumpindua mgonjwa anajua kwamba huwezi kufanya kazi ile na mtu usiyesemezana naye. Ni lazima mmoja aseme "haya", na mwenzake aitikie. Tulianza na "haya" hiyo. Siku ya kwanza hatukuongeza neno jingine. Sitawaambieni kwamba shauri la parseli lilimalizika pale kitandani, lilichukua miezi mingine na wazee watatu wa ukoo. Lakini tulilimaliza tukiwa tunakula bugali sahani moja.

Alipofikia saa zake, alfajiri, tulimwelekeza Kibla. Nikamsomea shahada kwa upole kama tulivyofundishwa, mara moja, nikasubiri. Akaitamka. Hakusema neno lingine baada yake, basi nasi hatukumsemesha, ili hayo yawe maneno yake ya mwisho. Wakati ule hakuna aliyecheka, na hakuna aliyehitaji kuambiwa asicheke. Tulilia. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na machozi hayana lawama.

Wanawake walimwosha, yaya akiwa mbele yao. Tukamswalia. Tulipomnyanyua mama, mdogo wangu na mimi tulishika mbele, bega kwa bega, tukapanda mteremko ule ule wa kipoyi. Na mnajua Sunna ya jeneza ni kwenda nalo kwa haraka, haifai kujikokota. Nikamwambia mdogo wangu kwa sauti ndogo: "Tuongeze mwendo."

Akaniinamia sikioni, machozi yanamtoka, akasema: "Leo ndiyo umeruhusiwa kukimbia."

Nilimshika mkono tukaenda.

Allahumma, uwasamehe wazazi wetu waliotangulia, uwaponye walio vitandani, na ambaye umemwandikia kuondoka umwondoshe akiwa amezungukwa na wanawe. Uwape subira wanaowauguza usiku, hasa wanawake, ambao kazi hii ni yao na sifa tunazichukua sisi. Uupe mji wetu amani. Amin.

MATANGAZO

Kipoyi cha jumuiya kiko katika ghala ya msikiti. Anayekihitaji kwa ajili ya mgonjwa, Mwislamu au jirani asiye Mwislamu, amwone mwadhini saa yoyote, hata usiku. Kirudishwe kikiwa kimeoshwa.

Wanaotaka kuzunguka kuwatazama wagonjwa wakutane mlangoni Jumapili baada ya Alasiri. Tunakaa kidogo na kuondoka, tusimchoshe mgonjwa.

Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mtume wake. Usiitupe njiani, wala usiifungie sambaza.